Saini Moja kwa Watu Kumi na Wawili

"Chumvi tena!"

Mke aliitema chai kwenye sinki, akaisukuma bilauri hadi upande wa pili wa meza. Mumewe alisimama na kijiko mkononi. Aliinua kopo la kwanza akalisogeza karibu na pua. Akainua la pili.

"Yanafanana," alisema.

"Yamefanana tangu tuoane. Siku zote ulikuwa unaona tofauti."

Ilikuwa mara ya tatu kwa wiki ile. Jumanne alimsalimia mbuzi wa jirani. Alhamisi alivaa kiatu cheusi na kiatu cha kahawia, akaenda hivyo mpaka kazini na kurudi, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kazini alikuwa mkubwa.

Kazi yake ilikuwa kupuliza kioo, na kiwandani walimwita Puliza. Tanuru lao lilikuwa na midomo mitatu, na kila mdomo ulikuwa na watu wake. Yeye alikuwa kiongozi wa Mdomo wa Pili. Chini yake walikuwa watu kumi na mmoja. Unachovya bomba refu ndani ya moto, unatoa tonge la kioo linalong'aa kama jua, unapuliza, unazungusha, unapuliza tena. Miaka ishirini na minane alikuwa akiutazama moto ule.

Moto nao ulikuwa ukimtazama yeye. Daktari alimwambia wazi: ni mtoto wa jicho, macho yote mawili.

"Nitakupasua, utaona," alisema daktari. "Lakini utoke kwanza mbele ya tanuru. Nikikupasua leo na kesho ukarudi motoni, tutakuwa tunafua nguo kwenye matope."

Kutoka hakukuwa shida. Kiwanda kilikuwa na mfuko wa pensheni, na mfuko ulikuwa na kanuni zake. Kanuni moja kila mtu wa tanuru aliijua kwa moyo. Ukifanya kazi mbele ya tanuru mwaka mmoja, mfuko unakuhesabia mwaka na robo. Waliuita mwaka wa moto. Ukifikisha miaka thelathini na mitano ya hesabu hiyo, unastaafu na pensheni yako kamili.

Miaka ishirini na minane ya tanuru inakuwa thelathini na mitano. Wala haihitaji mwalimu.

"Leo nachukua fomu," Puliza alisema.

"Chukua," mke alisema. "Lakini mwambie mtu akusomee. Usije ukarudi na fomu ya kuomba kazi."

* * *

Karani wa utumishi alikuwa na feni ndogo mezani. Feni ilimpulizia yeye peke yake.

"Fomu ya kustaafu?" Karani alifungua jalada, akalifunga. "Wewe bado, mzee. Una miaka ishirini na minane. Imebaki saba."

"Ishirini na minane ya moto."

"Mwaka wa moto umefutwa. Hukuona waraka? Umebandikwa pale mlangoni."

Puliza aligeuka. Mlangoni aliona kitu cheupe, basi.

"Umefutwa kuanzia lini?"

"Kuanzia mwanzo. Kila mwaka sasa ni mwaka tu."

"Hata ile niliyokwisha kuifanya?"

"Mwanzo ni mwanzo, mzee wangu."

"Nani amekubali jambo kama hilo?"

Karani alitoa karatasi, akaiweka chini ya pua yake. "Wewe."

Puliza aliisogeza karibu. Maneno yalikuwa ukungu. Lakini chini kabisa palikuwa na alama aliyoitambua hata kwa macho mabovu: mkunjo mmoja mkubwa na mkia. Saini yake. Pembeni yake alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyozoea: kwa niaba ya Mdomo wa Pili, watu 12.

Aliirudisha karatasi mezani.

Sasa sikiliza jinsi ilivyokuwa. Kioo cha moto hakisubiri mtu. Mtu akishachovya bomba, hawezi kuliweka chini eti anakwenda kusaini. Kwa hiyo tangu zamani, kila mdomo ulikuwa na desturi yake. Zikija glavu, kiongozi anasaini kwa ajili ya wote. Ikija sabuni, anasaini. Vikija viatu, anasaini. Haikuwahi kuleta neno. Wiki tatu nyuma karani alipita na orodha ya glavu, na nyuma ya orodha ile alibana karatasi nyingine.

"Nilikuuliza ni za nini," Puliza alisema. "Ukaniambia za mwezi, za kawaida."

"Nami niliambiwa nikusanye saini," karani alijibu. "Sikuambiwa nisome."

Wawili wazima, na hakuna aliyesoma.

* * *

"Ulisaini?" mke aliuliza.

"Nilisaini."

"Bila kusoma?"

"Sioni, mama watoto. Unajua sioni."

"Huoni, ndiyo. Na masikio nayo yana mtoto wa jicho? Si ungesema, 'Nisomee'?"

Mke alikuwa mfuaji wa hospitali. Kila asubuhi aliletewa magunia ya mashuka kutoka wodini, na kila jioni aliyarudisha. "Mimi," alisema, akihesabu kwa vidole, "hata shuka moja silipokei kabla sijalikunjua. Shuka! Kitu cha kulalia! Mwenzangu umesaini miaka saba ya maisha yako kwa jozi ya glavu. Tena siyo yako tu. Na ya watu kumi na mmoja!"

"Usiniambie tena."

"Nitakuambia mpaka nichoke. Na sijachoka."

Kabla hajachoka, mlango uligongwa kwa ngumi. Aliingia kijana mrefu aliyelazimika kuinama mlangoni. Kiwandani walimwita Ngazi. Alikuwa na miaka sita tu mbele ya tanuru.

"Mkubwa, ni kweli?" alifoka. Hakuketi. "Ni kweli umetuuza?"

"Kijana, shusha sauti."

"Nishushe sauti? Wote wananiuliza! Mzee wa upande wa kushoto, yule anayekohoa, alibakiza mwaka mmoja. Mmoja, mkubwa! Tulikuachia kusaini glavu. Nani alikuambia tumekuachia na uzee wetu?"

Mchuma janga hula na wa kwao, na Puliza alikuwa amewachumia wengi.

Hapo dirisha la nyumba ya pili lilifunguliwa kwa kishindo.

"Jamani!" sauti ya mwanamke ilipaza. "Kwa kelele zenu nimekata mkono wa gauni la watu mara mbili! Bibi harusi ataolewa na mkono mmoja!"

Alikuwa fundi cherehani, jirani yao na shoga wa mke wa Puliza. Hakungoja kukaribishwa. Aliingia na futi ya kupimia ikining'inia shingoni na pini tatu kifuani.

"Haya, nani amekufa?" aliuliza.

"Pensheni," alisema mke.

Fundi alichomoa pini moja na kuichomeka tena, kama mtu anayefikiri. Kabla ya kushona nyumbani, alikuwa ameajiriwa kiwanda cha nguo. Huko wafanyakazi walimchagua kuwa mdhamini wa mfuko wao wa pensheni. Wadhamini ni watu wanaoutunza mfuko kwa faida ya wanachama. Alifanya kazi hiyo miaka tisa, na alikuwa amekwisha kuchoshwa na watu wasiosoma.

"Nipeni waraka," alisema. Ngazi alikuwa na nakala. Aliusoma, akaguna. "Nipeni na kitabu cha kanuni za mfuko."

Ngazi alipapasa mifuko yake mitupu.

"Kila mwanachama hupewa kitabu. Kiko wapi chako, shemeji?"

Puliza alikuna kichwa. Mke alitazama dari. Mwisho alisema kwa sauti ndogo, "Kiko chini ya kabati."

"Juu ya kabati?"

"Chini. Mguu mmoja ni mfupi."

Ngazi aliinua kabati, mke akakivuta kitabu. Kabati liliinama upande, na sahani zikateleza zote kwa pamoja. Fundi alipangusa vumbi kwenye jalada. Mguu wa kabati ulikuwa umeacha shimo la mviringo katikati ya neno KANUNI.

"Miaka mingapi?" aliuliza.

"Kumi na tano," mke alikiri.

"Miaka kumi na tano sheria inashikilia sahani. Ee Mola." Alifunua kurasa. "Haya. Kaeni. Na wewe mrefu, kaa, shingo yangu inauma."

* * *

"Swali la kwanza," fundi alisema. "Je, kanuni za mfuko zinaweza kubadilishwa?"

"Haziwezi!" Ngazi alisema.

"Zinaweza. Si amri zilizoshuka kutoka mbinguni. Dunia inabadilika, kiwanda kinabadilika. Lakini nani abadilishe? Soma hapa. 'Kanuni zitarekebishwa kwa uamuzi wa wadhamini katika kikao halali, kwa makubaliano na mwajiri.' Siyo meneja peke yake, siyo karani, siyo karatasi mlangoni. Kiwanda chenu kina mdhamini wa wafanyakazi. Nani?"

Wanaume wawili walitazamana.

"Mlimpigia kura."

"Ni yule... yule mfungaji masanduku," Ngazi alisema. "Yule anayechekesha."

"Mlimchagua kwa sababu gani?"

"Alichekesha."

Fundi alifumba macho, akayafumbua. "Mtamuuliza kama kikao kilikaa. Swali la pili. Hata kama kikao kilikaa, wanaweza kugusa nini?"

Aliona wanamtazama tu. Akavua futi shingoni.

"Mteja ananiletea jora la kitambaa," alisema. "Tunakubaliana mtindo. Namshonea magauni matatu, anayachukua, anayavaa. Kitambaa kingine bado kiko kwenye jora. Mwaka unaofuata namwambia, 'Dada, mtindo ule unakula kitambaa, tuubadilishe.' Je, naweza kusema hivyo?"

"Unaweza," alisema mke.

"Kwa kile kilichobaki kwenye jora. Je, naweza kwenda kwake na mkasi, nifungue sanduku lake, niyakate magauni aliyokwisha kuvaa?"

"Atakukata wewe!"

"Basi ndiyo hiyo. Miaka mliyokwisha kuifanya ni magauni yaliyokwisha kushonwa. Haki yake mmeshaichuma. Miaka ijayo ni jora. Kwa miaka ijayo wanaweza kubadilisha, wakifuata utaratibu na kuwaarifu mapema. Kwa miaka iliyopita hawawezi kupunguza, ila kwa jambo moja." Aliinua kitabu karibu na taa. "'Marekebisho yoyote yasipunguze haki ambayo mwanachama ameshaichuma, isipokuwa kwa ridhaa yake mwenyewe, kwa maandishi, baada ya kuelezwa.'"

"Hapo ndipo nilipotia saini," Puliza alisema. Sauti yake haikusikika vizuri.

"Hapo ndipo ulipotia mguu. Sasa nijibu. Hawa kumi na mmoja walikutuma usaini nini?"

"Glavu. Sabuni. Viatu."

"Pensheni?"

"Hapana."

"Basi saini yako haiwafungi. Kitabu kinasema 'yake mwenyewe'. Mtu hawezi kukubali kwa niaba ya mwenzake jambo ambalo hakutumwa. Ngazi, umesikia? Hujauzwa. Acha kumkodolea macho mzee wa watu."

Ngazi aliinamisha uso.

"Na mimi?" Puliza aliuliza. "Mimi nilisaini kwa mkono wangu."

Fundi alikiweka kitabu chini. "Wewe una kazi, shemeji. Sitakudanganya. Mkono ni wako. Lakini ridhaa si wino. Ridhaa ni kuelezwa, ukaelewa, ukakubali. Ulielezwa?"

"Niliambiwa ni karatasi za mwezi."

"Tutaandika hivyo hivyo ilivyotokea. Usipunguze, na usitie chumvi."

"Hilo la chumvi mwambie mara mbili," alisema mke.

Ngazi alisimama aende zake, kisha akageuka. "Fundi, na mimi? Nina miaka sita. Bado nina safari ndefu."

"Sita yako inabaki ya moto. Saba na nusu kwenye hesabu. Inayokuja, wanaweza kuibadilisha."

"Kwa hiyo nitapoteza."

"Utapoteza kitambaa kilichoko kwenye jora, ndiyo, kama wakiamua. Nenda kikaoni, semeni, mpatane nao. Sheria haikuahidi kwamba kesho itafanana na jana. Imeahidi kwamba jana yako hawaikati."

* * *

Asubuhi walimtafuta mfungaji masanduku. Walimkuta amekalia sanduku anafunga lingine.

"Kikao?" alisema. "Mara ya mwisho kuitwa kikao, tulikunywa soda. Mwaka juzi."

"Hakuna cha mwaka wa moto?"

"Hakuna cha mwaka wowote. Nami niliona waraka mlangoni kama nyinyi."

"Na hukuuliza?"

"Nyinyi mliuliza?"

Mfungaji masanduku aliacha kufunga. Uso wake haukuwa wa kuchekesha tena. "Ah," alisema. "Kumbe nina kazi."

Barua waliiandika nyumbani kwa Puliza, kwenye meza iliyoegemezwa ukutani. Mke aliandika kwa sababu mwandiko wake ulisomeka. Walisema mambo matatu. Wadhamini hawakukaa kikao. Waraka umepunguza haki ya miaka iliyokwisha kufanywa. Wanachama hawakuelezwa na hawakuridhia, na saini iliyopo iliwekwa pamoja na orodha ya glavu. Kisha mke alisoma barua yote kwa sauti, neno kwa neno, mara mbili. Yule mzee anayekohoa aliomba isomwe mara ya tatu. Ikasomwa. Kisha kila mtu alisaini jina lake. Iliwachukua karibu saa nzima, na mmoja alilalamika kwamba mkono wake haujui kusaini, umezoea kusainiwa.

Halafu ikaanza danadana.

Karani alisema barua haipokelewi bila muhuri. Mwenye muhuri alikuwa likizo. Alipotoka likizo, alisema anagonga muhuri barua zinazotoka, siyo zinazoingia. Barua zinazoingia ni kwa katibu wa meneja. Katibu alisema jambo la mfuko siyo la meneja, ni la wadhamini. Wadhamini wako wapi? Hakuna anayejua, ila wana sanduku la barua. Sanduku la barua lina ufunguo. Ufunguo anao nani? Karani.

"Mimi nitapasuka kabla macho hayajapasuliwa," Puliza alisema.

"Hupasuki," fundi alisema, pini mdomoni. "Wanangoja uchoke, nawe uko njiani kuchoka. Peleka nakala kwenye ofisi ya serikali inayosimamia mifuko ya pensheni. Wapokee, wagonge muhuri kwenye nakala yako. Kisha rudi kwa karani na nakala yenye muhuri ule, uone feni itakavyozima yenyewe."

Mke alichukua ruhusa nusu siku, akamshika mkono mumewe, wakaenda. Walingoja benchi moja mpaka mchana. Ofisa aliyesoma barua aliuliza swali moja tu: "Wadhamini walikaa lini?" Walipomjibu, aliandika kitu, akakipigia mstari mara mbili.

Baada ya siku kumi na mbili kikao cha wadhamini kiliitishwa. Siku kumi na mbili! Mlangoni mwa karani walikuwa wamezungushwa wiki tatu.

* * *

Kilikaa kwenye bwalo la chakula, baada ya zamu. Mwenyekiti wa wadhamini alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni, moja kichwani. Kushoto kwake alikaa mfungaji masanduku, amevaa tai. Kulia alikaa meneja. Wanachama walisimama nyuma, na harufu ya jasho lao ilifika mbele kabla yao.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Ni mtu aliyekuwa na haraka.

"Tumenunua tanuru jipya," alisema. "Lina ngao. Lina hewa baridi. Joto haliwafikii kama zamani. Mwaka wa moto uliwekwa kwa sababu ya tanuru la zamani. Sababu imeondoka, kanuni nayo iondoke. Tena saini za watu wa tanuru zipo."

"Tanuru jipya limewashwa lini?" mwenyekiti aliuliza.

"Mwezi uliopita."

"Na kanuni mmeifuta kuanzia lini?"

Meneja alikohoa. "Kuanzia mwanzo. Ili hesabu iwe moja."

Mwenyekiti alibadilisha miwani. "Nani kati yenu alitia saini hii ya watu kumi na wawili?"

Puliza alipita mbele. Mkewe hakuruhusiwa kuingia. Alisimama nje ya dirisha la jikoni, uso umebanwa kwenye nondo. Puliza hakumwona, lakini alijua yuko pale. Alimsikia anaguna.

"Ni mimi," alisema. "Nilisaini glavu. Karatasi hii ilikuwa nyuma yake. Niliuliza, nikajibiwa ni za mwezi. Sikusoma. Kosa la kutosoma ni langu, nalibeba. Lakini wenzangu hawakunituma. Na mimi sikuelezwa."

"Lakini ulisaini," meneja alisema.

"Nilisaini."

"Mtu mzima."

"Mtu mzima. Bwana meneja, nikuulize jambo la kazi yetu. Kioo kikiwa cha moto, tunakifanya nini?"

Meneja alitazama saa. "Mnakipuliza."

"Kikiwa cha moto nakifanya chupa, nakifanya bilauri, ukibadilisha mawazo nakugeuzia. Hata ukisema kuanzia kesho hatutaki bilauri, tunataka vyombo vya taa, sawa, tutazungumza. Lakini kikipoa, nikipulize mpaka mashavu yapasuke, hakigeuki. Miaka yangu ishirini na minane imeshapoa. Iko kwenye rafu. Huwezi kuipuliza upya."

Watu nyuma walinguruma.

"Kioo kilichopoa huyeyushwa," meneja alisema. "Kila siku mnarudisha vipande tanuruni."

"Ndiyo," Puliza alisema. "Lakini kwanza lazima ukivunje. Na hicho unachotaka kuvunja si chako."

Mpishi aliyekuwa akisugua sufuria aliacha kusugua.

Mwenyekiti alifungua kitabu cha kanuni. Akasoma kile kile ambacho fundi alikisoma, kwa sauti ya taratibu. Kisha akamuuliza karani kama alimweleza mtu yeyote maana ya karatasi ile. Karani alisema hapana. Alisema na yeye mwenyewe ni mwanachama wa mfuko huo, na hakuisoma ridhaa yake.

"Na uliisaini?" mfungaji masanduku aliuliza.

"Niliisaini."

Hapo mfungaji masanduku alicheka, na bwalo zima likacheka, na karani mwenyewe akacheka kwa aibu.

Uamuzi haukuchukua muda. Waraka ulifutwa, kwa sababu haukupitia kwa wadhamini na kwa sababu uligusa miaka iliyokwisha kufanywa. Saini ya Mdomo wa Pili haikuhesabiwa ridhaa ya mtu yeyote, hata ya mwenye mkono. Kisha meneja aliomba jambo lake upya, kwa njia yake: miaka itakayofanywa mbele ya tanuru jipya, mwaka uwe mwaka. Walibishana mpaka taa zikawashwa. Mwisho wakakubaliana. Itaanza mwaka ujao, baada ya taarifa ya miezi mitatu kwa kila mwanachama, mkononi, siyo mlangoni. Na anayebaki kwenye tanuru la zamani, ambalo halijazimwa bado, ataendelea na mwaka wa moto.

Ngazi alitoka amekunja uso. "Nimepata saba na nusu yangu," alisema, "halafu nimepoteza robo za mbele."

"Ulikuja ukidai za nyuma na za mbele?" mfungaji masanduku aliuliza.

"Nilikuja nikidai hata za katikati," alisema Ngazi, na mwishowe akatabasamu. "Lakini jana yangu ninayo."

* * *

Siku hizi Mdomo wa Pili una kiongozi mwingine. Glavu bado anazisaini yeye, kwa sababu kioo bado hakisubiri mtu. Lakini karatasi yoyote ya mfuko inawekwa mezani getini baada ya zamu. Inasomwa kwa sauti. Anayetaka maelezo anauliza. Kila mtu anasaini jina lake au hasaini. Karani anachukia siku hizo, maana anachelewa kurudi nyumbani. Lakini sasa anasoma. Kabati la kina Puliza limewekewa kipande cha mbao, na kitabu cha kanuni kinakaa rafuni, kikiwa na shimo lake.

Puliza alipata fomu yake ya kustaafu. Wiki mbili baadaye alikuwa hospitalini, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa gauni la wagonjwa ambalo mkewe alilifua kwa mikono yake. Foleni ya wagonjwa wa macho ilifika mpaka kwenye ngazi.

Muuguzi alileta karatasi na kalamu. "Saini hapa, baba. Ni ya kukubali upasuaji."

"Nisomee," alisema Puliza.

Muuguzi alisoma. Mistari kumi na minne.

"Hapo katikati," alisema Puliza. "Pale kwenye 'madhara yanayoweza kutokea'. Sijaelewa. Rudia."

Muuguzi alirudia. Nyuma mtu alisonya.

"Na jicho ni la kulia kwanza? Imeandikwa la kulia?"

"Imeandikwa, baba."

"Nionyeshe neno lenyewe. Liguse kwa kidole changu."

"Mume wangu," mke alinong'ona, amebana meno, "watu wanangoja. Saini basi!"

Puliza aligeuza uso upande wa sauti yake. Hakumwona vizuri, alimwona kama mtu aliyesimama nyuma ya mvuke.

"Wewe si ndiye hupokei shuka kabla hujalikunjua?" alisema. "Dada, soma tena toka mwanzo."

Mke alishika kiuno. Alitazama foleni, akatazama dari, akamtazama mumewe. Kisha alivuta kiti, akakaa.

"Soma, mwanangu," alimwambia muuguzi. "Soma taratibu."